Punguza picha mwenyewe kabla hujaituma

Vijana mnaoanza kazi ya picha hapa Unguja na Pemba huniuliza sana kamera ipi wanunue. Mimi huwaambia wajifunze kwanza kupunguza ukubwa wa picha, kwa sababu mteja ataihukumu kazi yako kwa kile kilichomfikia kwenye simu yake.

Kamera nyingi za kazi hutoa picha ya pikseli (vile vinukta vinavyoiunda picha) 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Kioo cha kompyuta ya kawaida kina 1920 kwa 1080, kama milioni 2 tu. Hizo zilizozidi hazina pa kuonekana, ila bando zinalila vilevile, na aliyeko shamba ambako mtandao ni mzito hatoisubiri picha yako ifunguke.

Ukiipeleka kubwa hivyo hivyo, programu unayoitumia kuituma itaipunguza yenyewe wala haikuulizi. Tazama mkono wa bi harusi uliopambwa hina na piko. Ile mistari ya piko, mingine myembamba kama uzi, ndiyo iliyomkesha fundi. Picha ikishabanwa kupita kiasi, ncha za majani yaliyochorwa zinaungana, pembeni mwa kila mstari panazuka ukungu wa kijivu, na ngozi inagawika vijisanduku. JPEG, aina ya faili inayotumika sana kwa picha, ndivyo inavyofanya kazi: inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha kila kipande inakipunguzia habari kivyake. Ukuta mweupe utastahamili. Hina, nakshi za milango ya Mji Mkongwe na misuko ya mkeka wa ukili havistahamili.

Kwa hiyo kazi ya kuipunguza ifanye wewe. Picha ya asili iweke pake usiiguse, ufanyie kazi nakala. Kama inakwenda Instagram, upana wa 1080 unatosha, maana ndio inaouonyesha. Ukiipa huo, vipimo haivipunguzi tena. Kwa mteja wa kutazama kwenye kompyuta, upande mrefu wa 2000 hivi ni mzuri. Mimi natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Baina ya upana na urefu kuna alama ya mnyororo: hakikisha imefungwa, la sivyo ukibadili upana urefu haufuati, na bi harusi wa watu atatoka kakonda.

Kata kwanza pembeni usipopataka, halafu punguza, halafu ndipo uongeze ukali kidogo, kwani picha ikipunguzwa hufifia. Mwisho toa JPEG kwa ubora wa 80 au 85. Usiwe na mtindo wa kuifungua JPEG ile ile, ukarekebisha, ukahifadhi, kesho tena. Kila uhifadhi unapoteza kitu ambacho hakirudi. Na nakala ndogo usijaribu kuikuza, rudi kwenye asili. Habari ya pikseli 72 au 300 kwa inchi iache mpaka siku ya kuchapisha kwenye karatasi, kwenye kioo haibadilishi lolote.

Hili la mwisho nakuombeni mlishike kweli. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi nyumba yenyewe. Wengi wetu tumezoea kuituma WhatsApp kama faili ili ubora usipotee, na ubora kweli haupotei, lakini na mahali napo panakwenda nayo. Familia imekuruhusu uingie ndani, wanawake wako kwenye mapambo yao, halafu picha inazunguka ikiwa na ramani ya kwao. Hiyo ni amana umepewa. Katika GIMP, unapotoa JPEG, kuna kisanduku cha Exif, yaani hizo habari zinazobebwa ndani ya picha. Ondoa tiki yake kwa kila picha iliyopigwa majumbani mwa watu, hata kama mwenyewe hakukuomba.