Wanawake Makerere: 1945, sio 1922

Kuna swali kama Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilipokea wanawake tangu mwanzo. Hapana, sio tangu mwanzo. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi ya wavulana, wanawake wakaja kupokelewa 1945, walikuwa sita tu, na ndo hapo kaulimbiu ya zamani ya “Tuwe wanaume” ikabidi ibadilishwe ikawa “Tunajenga kwa ajili ya baadaye”.

Mmoja wa wanawake wa mwanzo mwanzo kusoma hapo ni Sarah Nyendwoha, wengi tunamjua kama Sarah Ntiro baada ya kuolewa na yule mchoraji kutoka Kilimanjaro, Tanzania, Sam Ntiro. Huyu mama anastahili kutajwa kila mwezi Machi, mwezi wa Siku ya Wanawake, ukifika, maana alitaka kusoma hesabu hapo Makerere mwalimu akagoma kumfundisha mwanamke, akahamia historia, halafu akaenda Oxford akamaliza digrii 1954. Kwa hiyo anaposemwa ndo mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kupata digrii ni sawa kabisa, ila digrii yenyewe ni ya Oxford, watu wanachanganya sana hapo.

Idara ya masomo ya wanawake na jinsia hapo Makerere ilikuja baadaye sana, ilianza 1991, na ilianza moja kwa moja na masta.