Ushirika au ushirikiano: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kikundi chenu cha akina mama wanaokausha sambaza, samaki wale wadogo wa ziwani, hapo Bukavu kinataka kujiandikisha, na mmebishana juu ya jina: wengine wanataka Ushirika, wengine Ushirikiano. Mlikuwa saba kikaoni, wa nane amelazwa, na kura zenu hazikuelekea popote. Ukamalizia, "Mama, umefundisha Kiswahili maisha yako yote, tuamulie."

Kuwaamulia si kazi ngumu. Ushirika ndicho chombo chenyewe, chenye wanachama, michango, daftari na mtunza fedha. Tanzania wanasema vyama vya ushirika, na karatasi zenu zitafuata sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012. Sheria hiyo inataka watu wasiopungua watano hata kwa koperative ndogo. Ushirikiano ni tendo la watu wenyewe, hakuna ofisi inayolipigia muhuri. Kule kanisani nako Shirika tunaiita jumuiya yetu ndogo ya mtaa, tunaposali nyumba kwa nyumba. Maneno yote hayo ni ya shina moja.

Lakini tazama mkia wa neno. Najua mlichoka kunisikia nikisema hivyo mezani, wewe na kaka yako. Kushiriki, mtu anaweza peke yake: anakuja, anakaa, anakula, anarudi kwake. Kushirikisha, kuna mmoja aliyeshika usukani na wengine wanaoitwa. Kushirikiana, ile -ana ni ile ya kupendana na kungojana, inakwenda na kurudi. Wakati wa Mobutu tulifagia barabara kwenye salongo, kazi ya pamoja ya lazima, neno lililotufikia pamoja na Kilingala, na barabara zilikuwa safi kweli. Tulishirikishwa. Wavuvi wa sambaza wanaofunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuvuta wavu mmoja usiku, hao wanashirikiana, kwa sababu mmoja akilegea wavu unapinda na wote wanauona.

Unakumbuka likelemba yetu, mchango wa kupeana kwa zamu, ya akina mama kumi? Hukumbuki, ulikuwa mgongoni. Kila mwezi dola tano kila mmoja, na Januari ya mwaka 2002 zamu ilikuwa yangu. Dola hamsini. Mashini ya kushona nilikuwa nimeshaichagua, hata kitambaa cha kuanzia nilikuwa nacho. Alhamisi tarehe 17 Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikapasuka, volkano ikapita katikati ya mji wetu wa Goma mpaka ziwani. Sisi wa Katindo tulibaki upande wa magharibi, tukashika njia ya Sake, kaka yako amebeba sufuria. Wenzangu wengi walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, wakarudi kabla yangu wakati mawe bado yanachoma kandambili.

Niliporudi, walikuwa wameshakutana na pesa zimeshatoka. Walimpa shangazi yako wa mandazi, ambaye nyumba yake iliungua yote, hata ukuta mmoja haukusimama. Mtunza fedha aliniambia nikiwa nimesimama mlangoni kwake, bado nina vumbi la njiani: "Tulijua wewe hutakataa."

Nisingekataa. Miaka hii yote nasema nisingekataa. Halafu usiku mwingine najiuliza: ungetoa kweli, na mashini ile uliyoiota? Ningetoa, mwanangu. Labda ningelia kwanza, lakini ningetoa kwa mkono wangu mwenyewe. Wao walinipokonya hata nafasi ya kutoa.

Walikosea? Mwenzetu alikuwa analala na watoto kwenye veranda ya watu. Simu hatukuwa nazo, wangenipata wapi? Wangengoja siku ngapi? Nikifika hapo nawaona wana haki. Kisha nakumbuka lile neno, "tulijua", na moyo unarudi pale pale. Sitatoa hukumu. Ulimi unaniwasha, lakini sitaitoa.

Nikueleze ninachokifurahia. Wiki iliyofuata nilichukua nyundo ya baba yako nikaenda kwenye kiwanja cha shangazi, pale ambapo mawe yalikuwa yamefunika hata msingi wa zamani. Hakuna aliyeniita. Nilimkuta anaponda peke yake, nikakaa upande wa pili wa jiwe lile lile. Tulipiga kwa zamu, yeye, mimi, yeye, mimi, hatukuongea mpaka jua likawa kali. Siku sita. Siku ya nne mtunza fedha naye akaja na nyundo, nikasogea nikampa nafasi. Mbao za nyumba ile zilisimama juu ya mawe tuliyoyasawazisha sisi watatu.

Shangazi yako mpaka leo akiniona ananishukuru kwa zile dola hamsini. Siku zile za nyundo hajawahi kuzitaja. Namwambia karibu dada yangu, tunakunywa chai, na nashindwa kumweleza kwamba zile dola si mimi niliyezitoa.

Basi andikeni Ushirika, mimi nimeridhika nalo. Ila huyo mama wa nane, bado yuko hospitali? Mmepeleka mtu amwulize jina analolipenda?

Mama yako,
Goma