Muulize Shangazi: Taverna si baa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nasoma Athens. Rafiki yangu wa darasani amenialika kwao Anogeia, kijiji cha mlimani kisiwani Crete, ambako wazazi wake wana taverna. Mama yangu aliyeko Tanga kusikia tu hilo jina amegoma. Anasema hiyo ni baa, na binti wa Kiislamu hana shughuli baa. Nimwambieje? Na nikienda, nitakula nini? Nilipe?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, mwambie Shangazi aliosha sahani kwenye taverna ya milima hiyohiyo viangazi viwili na akarudi na akili zake.

Pombe ipo, simfichi. Mvinyo wa nyumbani huagizwa kwa kilo kama nyama, na mlo ukiisha huja raki, pombe yao kali, kwenye vigilasi vidogo. Lakini taverna ni mgahawa wa familia. Baba yuko motoni, mama na bibi jikoni, watoto wanabeba sahani, na wajukuu wa wateja wanakimbizana chini ya meza saa nne usiku bila mtu kuwafukuza wakalale. Raki ikija, weka mkono kifuani useme "ohi, efharisto", yaani "hapana, asante". Ila angalia: kwao "ne" maana yake ni "ndiyo"! Mimi niliitamka nikidhani nakataa, nikajaziwa gilasi.

Chakula kitakufurahisha. Bamia wanaziita "bamies", na chai ni "tsai". Kuna horta, mboga za majani za porini zinazochemshwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni na limau. Ukizionja utakumbuka mnavu. Fahari ya Anogeia ni antikristo. Usishtuke na jina, maana yake ni "kuelekeana" tu: vipande vikubwa vya mwanakondoo huchomekwa kwenye mishikaki mirefu na kusimamishwa kuuzunguka moto, si juu yake, vikaiva polepole kwa saa kadhaa kwa chumvi peke yake. Kama nyama hiyo ni halali kwako au la, muulize sheikh wako. Mimi ni mpishi. Ninachokijua ni kwamba soseji zao kwa kawaida ni za nguruwe, na apaki ni nguruwe wa kukaushwa kwa moshi. Na vile vinavyonukia rozmari na siki ni konokono. Mwambie rafiki yako mapema, naye amwambie mama yake, ili usianze kukataa sahani mbele ya mpishi.

Kuhusu kulipa, usithubutu. Mara yangu ya kwanza, kabla hawajaniajiri, nilialikwa kama wewe, nikaacha noti ya euro 20 chini ya sahani. Bibi wa nyumba aliiokota, akaibandika mlangoni kwa pini. Ilikaa pale siku mbili, kila anayeingia akiuliza ni ya nani, mpaka nikaibandua mwenyewe kwa aibu. Beba zawadi: khanga kwa bibi, karafuu na iliki kwa mama. Baada ya kula, nyanyuka ukusanye sahani. Watakukataza; kusanya tu.

Beba sweta, kijiji kiko zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Wala usitarajie nyumba za kale, maana Wajerumani walikiteketeza Agosti 1944, na wazee bado wanalisimulia hilo mezani. Wakianza, weka uma chini usikilize.

Ukibahatika kukuta harusi, utapewa pilafi. Wewe wa Tanga utatafuta bizari hutaiona: ni wali mweupe, laini karibu na bokoboko, uliopikwa kwa supu ya nyama, siagi na limau. Kula, omba tena. Pilipili yako ibaki mkobani.