Majibu kwa maswali yenu: ukoloni, dawa za shosho na heshima ya mgonjwa

Katika safu iliyopita nilisema kwamba Nairobi haitapata haki katika afya hadi tung'oe ukoloni uliosalia hospitalini, katika sheria na vichwani mwetu. Mmeandika kwa wingi. Nimechagua maswali matano.

Ukoloni uliisha 1963. Mbona hata foleni ya kliniki bado tunamsingizia mzungu? (Msomaji, Ngara)

Kwa sababu jiji hili lilipimwa kwa rangi ya ngozi, na vipimo havikufutwa bendera ilipobadilishwa. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kukagua usafi, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kimakazi, eti kuzuia magonjwa. Wazungu wakapata miinuko ya magharibi. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, katika mitaa kama Pumwani iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920. Alihesabiwa kibarua wa kupita, akapewa mahali pa kitanda tu. Mke na watoto hawakuwemo katika hesabu, kwa hiyo mitaro, maji na zahanati havikupangwa kwa ajili yao. Nenda leo ukatazame Muthaiga ya matajiri na Mathare ya mabanda, zilivyo jirani. Hata hivyo, serikali zetu wenyewe zimekuwa na zaidi ya miaka 60 ya kurekebisha haya, na deni hilo ni lao.

Shosho wangu ana kisukari. Anakunywa maji ya mwarobaini na ameanza kuruka vidonge vyake vya metformini. Daktari alimfokea, sasa hataki kurudi kliniki. (Mjukuu, Umoja)

Kwanza, metformini asiiache. Mwarobaini nao unaweza kushusha sukari, kwa hiyo akiuchanganya na vidonge, hasa akiwa hajala, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ukimwona anatokwa na jasho, anatetemeka au anachanganyikiwa, mpe kitu cha sukari papo hapo kama anaweza kumeza, kisha umpeleke hospitali. Rudini kliniki pamoja, wewe ukiwa umebeba hayo majani, uyaweke mezani mbele ya daktari. Kama ni yule yule na bado anafoka, mna haki ya kuomba mwingine.

Na huyo daktari ningependa akumbuke historia ya kidonge anachokitetea. Asili ya metformini ni mmea uitwao galega, uliotumiwa na wanakijiji wa Ulaya kwa karne nyingi. Wanasayansi wao waliufuata, wakauchambua, wakatengeneza dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Elimu ya bibi zao iliheshimiwa kiasi cha kuingizwa maabara. Huku kwetu, serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uchawi mwaka 1925, na mtu wa mitishamba akaanza kutazamwa kwa jicho lile lile la mrogaji. Elimu ikajificha, ikabaki bila vipimo wala uchunguzi, na leo tunamlaumu shosho kwamba dawa yake haina vipimo! Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba asilia, lakini haijafika katika chumba alichofokewa.

Mwarobaini wenyewe, tukisema kweli, ni mti wa Asia uliovuka bahari. Wazee wetu waliujaribu, wakaukubali. Hawakuwa watu wa kukataa kitu kwa sababu kimetoka mbali, kwa hiyo nawe usikubali kuambiwa uchague kati ya kidonge na mila.

Niliomba kujifungua nikiwa nimepiga magoti, kama alivyofanya mama yangu. Muuguzi akasema hapa si kijijini. Nilikosea? (Mama, Kawangware)

Hukukosea hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unashauri mama achague mkao unaomfaa, na awe na mtu wake wa kumshika mkono. Wakunga wetu walikuwa wakifanya hivyo zamani. Mwaka huo huo, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini, kisha akapigwa na kutukanwa, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5.

Lakini mimba ijayo usibaki nyumbani kwa hasira. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaua haraka, na mkunga wa mtaani hana oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja, wala damu ya kukuongezea. Sema mapema kliniki ya wajawazito unataka mkao gani, na uombe waandike katika kijitabu chako.

Kaka yangu alijaribu kujiua. Wazee wanataka kikao cha familia, mimi nataka aende Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Sote tunaogopa polisi. (Dada yake, Kibra)

Pole sana, dada. Hospitali ni leo. Asiachwe peke yake, na sumu na vidonge viondolewe nyumbani. Kuhusu polisi, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, tulichorithi kwa Mwingereza, kilifanya jambo hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Kaka yako anahitaji matibabu, hana kesi ya kujibu.

Wazee wakiiogopa Mathari, usiwacheke. Ilifunguliwa 1910, na J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza kwa miaka mingi, aliandika 1953 katika chapisho la Shirika la Afya Duniani kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Kikao nacho kifanyike, matibabu yakishaanza: wasikilize bila kuhukumu, wapange zamu za kukaa naye, na kama kuna deni linalomkaba, ukoo uchange.

Mimi ni Mwogiek, nafanya kazi Viwandani. Haya ya Nairobi yanawahusu vipi wazazi wangu kule kwetu, msitu wa Mau? (Msomaji, Viwandani)

Yanawahusu kuliko sisi sote. Chakula chao, asali yao na dawa zao vimo msituni. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza msituni humo. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena Sasimwani, huko huko Mau. Kwangu mimi, hati hiyo inatangulia zahanati yoyote, na kila mwanasiasa atakayekuja kuomba kura yako Viwandani aulizwe atafanya nini ili itolewe.