Plazima au gesi? Kwanza angalia chuma kilicho mbele yako

Mafundi vijana huniuliza mara kwa mara: kwa kukatia chuma, kati ya mashine ya plazima na tochi ya gesi, ninunue ipi? Nami huwarudishia swali: unakata chuma gani? Wengi hunyamaza kidogo, maana walitarajia niwatajie mashine. Swali hilo sikulipata kitabuni. Nililipata kwa kuharibu kazi ya mtu.

Nilikuwa bado mwanagenzi. Mwalimu wangu alikuwa ametoka, na bamba la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, la milimita 6 lilikuwa mezani likisubiri kutobolewa tundu la mviringo. Chuma cha kawaida nilikuwa nimeshakikata kwa gesi mara nyingi, nikaona kazi ni ile ile. Nikawasha tochi, nikapasha bamba mpaka likawa jekundu, nikabonyeza wenzo wa oksijeni. Nilingoja cheche zichuruzike chini kama nilivyozoea, lakini wapi. Uso wa bamba ukavimba, ukafanya utando mweusi wenye mikunjo, chuma kikawa kinayeyuka na kuganda pale pale kama nta. Nikaongeza moto, nikaongeza oksijeni. Mwalimu aliporudi, bamba lilikuwa limejikunja na tundu hakuna. Hakunigombeza. Alizima tochi, akaniwekea mbele kipande cha chuma cha kawaida, akasema: "Gesi haikati chuma, mwanangu, inakichoma. Hicho ulichokuwa unahangaika nacho hakiwaki."

Maneno hayo ndiyo ushauri wangu wote, mengine ni kuyafafanua.

Watu wengi hudhani tochi ya gesi inayeyusha chuma mpaka kikatike. Moto wa asetilini na oksijeni hufika nyuzi 3,100 hivi za sentigredi, lakini kazi yake pale ni kupasha tu mahali pa kuanzia, mpaka kama nyuzi 900, chuma kiwe chekundu cha kung'aa. Ukibonyeza wenzo, oksijeni safi inakikuta chuma kimeiva, na chuma chenyewe kinashika moto. Kinageuka kuwa oksidi, na kinapowaka kinatoa joto lake chenyewe, ziada ya lile la tochi. Oksidi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 1,370 hivi, mapema kuliko chuma chenyewe kinachosubiri mpaka karibu 1,500, kwa hiyo inakuwa uji, inapeperushwa na ile oksijeni, na njia inabaki wazi. Hii ndiyo sababu tochi inaweza kupasua chuma cha unene wa milimita 200 au 300 bila mashine yoyote kubwa: chuma chenyewe kinasaidia kujikata.

Sasa angalia metali nyingine. Chuma cha pua kina kromiamu, na oksidi ya kromiamu haiyeyuki kirahisi, inatanda juu kama kifuniko na kuizuia oksijeni isipite. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi yake ya oksidi inataka zaidi ya nyuzi 2,000, hivyo utalitiririsha bamba lako chini kabla hujaliona likikatika. Shaba nayo haiwaki, na joto unaloitia inalitorosha upande mwingine. Chuma cha kusubu kimejaa kaboni, na kukikata kwa tochi ni mapambano yanayotaka mkono wa mzoefu. Basi kama kazi zako nyingi ni alumini na chuma cha pua, mjadala umeisha. Nunua plazima.

Plazima ni jambo jingine kabisa. Umeme unapita ndani ya hewa iliyobanwa kwenye tundu dogo la nozeli, hewa ile inapata joto linalozidi nyuzi 20,000, na mkondo huo unayeyusha metali na kuipuliza chini kwa wakati mmoja. Hauulizi kama metali inawaka. Unauliza kama inapitisha umeme, basi. Kwa sababu joto limekusanyika mahali padogo na mkono unakwenda haraka, bati jembamba halijikunji. Nimekata bati la milimita 2 kwa plazima nikaligusa muda mfupi baadaye, sentimita chache kutoka kwenye mkato, likiwa na uvuguvugu tu. Bati hilo hilo kwa tochi ya gesi lingekuwa limepinda kama jani kavu.

Unene ndipo mambo yanapogeuka. Mashine ndogo ya plazima ya ampea 40 hukata vizuri milimita 10, labda 12 ukiwa na subira. Ukiisukuma zaidi ya hapo itatoboa kwa shida, na mkato utajaa mavi ya chuma, yaani chuma kilichoyeyuka kikaganda ukingoni. Zipo mashine kubwa zinazokwenda mbali zaidi, ila nazo zinadai umeme mwingi na kompresa kubwa. Kwa chuma cha kawaida, mimi naweka mpaka wangu kwenye milimita 20 hivi: chini ya hapo plazima ina kasi na usafi ambao gesi haiufikii; nikipanda kuelekea 30 na zaidi nachukua tochi bila kusita.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka sana: hewa. Mashine yangu ya kwanza ya plazima ilinila ncha kama mtu anayekula karanga. Elektrodi, kile kipande cha ndani ya tochi kinachotoa umeme, mpya asubuhi, jioni imekufa. Nikadhani nimeuziwa vipuri vibovu, nikabadilisha, hali ikawa ile ile. Siku moja nikaichomoa nozeli na kuiangalia kwenye mwanga: tundu lake, linalotakiwa kuwa duara kamili, limekuwa kama yai, na pembeni kuna madoa ya kijivu. Nikafungua mpira wa hewa unaoingia kwenye mashine na kupuliza juu ya kipande cha kioo. Kioo kikalowa.

Kompresa inapobana hewa, unyevu uliomo hugeuka maji, na maji hayo yakifika kwenye ncha ya plazima yanaila. Nilichofanya baada ya hapo nakifanya mpaka leo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha namwaga maji ya tangi la kompresa kupitia bomba lake la chini. Nimeweka chujio la maji karibu kabisa na mashine ya plazima, si karibu na kompresa, maana hewa inaendelea kupoa njiani na maji yanaendelea kutoka. Ncha zilezile zilizokuwa zikifa kwa siku moja zikaanza kudumu wiki nzima. Na kompresa yenyewe lazima imudu: mashine ya ampea 40 inataka kama lita 130 hadi 180 za hewa kwa dakika mfululizo. Kompresa ndogo ya kujazia matairi itakata dakika moja, kisha presha itaanguka na nozeli itaungua.

Jizoeze pia kuisoma elektrodi. Katikati yake kuna kidoa kidogo cha metali iitwayo hafiniamu, na kila ukiwasha kinalika kidogo. Kishimo kikifika kina cha milimita moja na nusu hivi, itupe, usiihurumie, kwani ikimalizika ghafla inaondoka na nozeli. Kuwasha mara nyingi huila kuliko kukata mfululizo, kwa hiyo usibonyeze kitufe hewani kwa kujaribu, na ikiwezekana anzia ukingoni mwa bamba badala ya kutoboa katikati.

Umeme ni swali lingine. Ukifanya kazi karakanani kwenye umeme wa uhakika, plazima inakungoja ubonyeze tu kitufe. Lakini kama kazi zako ni za kufuata mitambo iliyoharibika shambani, machimboni, kando ya barabara, hesabu vizuri: utabeba plazima, kompresa, na jenereta ya kuviendesha vyote viwili kwa pamoja. Mitungi miwili na mipira yake haidai umeme wowote. Na tochi ina kazi nyingine ambazo plazima haina: nati iliyoshikana na kutu miaka mingi inapashwa mpaka iwe nyekundu, ikipoa kidogo inafunguka, shafti iliyopinda inanyooshwa, shaba inaunganishwa. Kwa fundi wa matengenezo ya mitambo mizito, hiyo ni nusu ya siku yake. Fundi wa namna hiyo akiniuliza, namwambia anunue gesi kwanza.

Ila gesi inadai adabu. Asetilini usiipandishe kwenye mpira zaidi ya presha ya bar 1. Ikizidi hapo inaweza kulipuka yenyewe hata bila oksijeni. Mtungi wake usimame wima wakati wote, maana ndani gesi imeyeyushwa katika asetoni, na ukiulaza asetoni inatoka pamoja na gesi. Ukiukuta umelazwa, usimamishe na uuache utulie kwanza kabla ya kuutumia. Mafuta au grisi visikaribie kabisa viungo vya oksijeni. Wala usiunge mpira wa asetilini kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu, kwani asetilini na shaba hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Vizuizi vya kufanya moto usirudi nyuma viwepo kwenye mipira yote miwili. Haya sikuyaandika kujaza nafasi. Nimeona mpira ukirudisha moto, na mlio wake, ule mluzi mkali unaoingia ndani ya tochi, hausahauliki. Ukiusikia funga oksijeni mara moja, kisha gesi.

Plazima nayo si mchezo. Volti zinazotoka kwenye ncha ni nyingi kuliko za mashine ya kulehemu ya kawaida, kwa hiyo zima kabisa kabla ya kubadilisha ncha. Mwanga wake unaunguza ngozi na macho. Kioo cheusi cha kukinga macho cha namba 5 kinachotosha kwa gesi hakitoshi ukipandisha ampea. Na kwa zana zote mbili, pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta usilikate mpaka limesafishwa na kupitishwa na mtu anayejua, hata kama linaonekana tupu na limekaa mwaka mzima.

Mkono unajifunza kwa kuangalia. Ukikata kwa gesi, geuza kipande uangalie uso wa mkato: kuna mistari midogo. Ikiwa karibu wima, kasi yako ni nzuri. Ikipinda sana kwenda nyuma, umekimbia. Ukingo wa juu ukiyeyuka na kuwa mviringo, umechelewa au moto ni mkubwa mno. Kwa plazima angalia cheche chini ya bamba: zinatakiwa kutoka kwa kuinama kidogo nyuma ya tochi. Zikirukia juu usoni kwako, hujapenya. Mavi ya chuma mazito yenye vishimo, yanayodondoka ukiyagonga kwa nyundo, yanakwambia ulikwenda polepole. Uzi mwembamba mgumu unaong'ang'ania chini mpaka uutafute kwa grainda unakwambia ulikwenda mbio. Wanafunzi wangu wengi wakiuona uzi huo hupunguza ampea, kumbe dawa ni kupunguza mwendo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo liliwahi kunirudishia kazi. Nilikata vipande kwa plazima, ukingo safi kama wa kiwandani, nikavilehemu moja kwa moja bila kuvigusa. Mshono ukatoka na vitundu vidogo vidogo mwanzo hadi mwisho, na mteja akavikataa, kwa haki. Hewa ina naitrojeni nyingi, na plazima ya hewa huiingiza kwenye ukingo wa chuma. Ukilehemu juu yake inatafuta njia ya kutoka na kuacha matundu. Siku hizi, kila ukingo utakaolehemiwa naupitishia grainda kwanza, niondoe nusu milimita hivi mpaka chuma king'ae. Ukingo wa gesi nao nausugua magamba meusi ya oksidi kabla ya elektrodi ya kulehemu kuugusa.