Mtoto wa miezi 19 na lugha tatu nyumbani: mi nilifanya alichosema mwalimu, sikia kilichotokea

Dada pole, swali lako nimelisoma mara mbili. Mtoto ana miezi 19, maneno yake unayahesabu kwa vidole, wewe unamwongelesha Kiswahili, baba yake na jjajja wake (bibi au babu kwa Luganda) ni Luganda tupu, na sasa mwalimu wa nasari kakwambia mnamchanganya, muache yote hayo muongee Kizungu tu. Banange, hapo ulipo mi nimepita. Na nilimsikiliza mwalimu.

Mi ni mtoto wa baraki, mzee wangu alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili nilianza nacho kabla hata ya lugha ya kabila langu. Mke wangu ni Muganda wa Masaka. Binti yetu alipofika mwaka na miezi nane alikuwa na maneno kama kumi hivi, mengine anaelewa mama yake peke yake, tukaitwa nasari tukaambiwa kichwa cha mtoto kimejaa, toeni lugha. Tukatii, maana mwalimu kasoma, sisi ni nani.

Sasa shida ni kwamba Kizungu changu ni cha ofisini na cha mtihani. Cha kumwogeshea mtoto sina. Jioni nilikuwa namwogesha kwa Kiswahili, namwambia hili sikio, na lingine liko wapi, paka kaiba? anacheka, anashika sikio, namuuliza tena na tena hadi maji yanapoa. Tulipohamia Kizungu nikabaki na kamu, siti, iti, no. Basi, nimemaliza. Mke wangu naye nyimbo zake zote za kubembeleza ni za Kiganda, akawa anambeba kimya tu. Wiki tatu nyumba ikawa kama ya watu waliogombana, af ili kuziba pengo tukamwekea katuni za Kizungu kwenye TV asubuhi hadi jioni, tukijua mwalimu ni hiyo. Miezi mitatu hakuongeza neno la maana zaidi ya "no", na hiyo aliipata kwangu!

Hapo ndo nikaanza kusoma mwenyewe usiku usiku kwenye simu. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni jaribio la Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani, lilitoka 2003. Walichukua watoto wa miezi 9 wa nyumba za Kiingereza, wakawaletea watu wanaoongea Kichina cha Mandarin, wanacheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12 vya kama dakika 25 hivi. Wale watoto wakawa wanatofautisha sauti za Kichina vizuri kabisa. Kundi lingine likapewa watu walewale, maneno yaleyale, ila kwenye video. Hawakuambulia kitu. Sauti peke yake bila picha, hivyohivyo. Mtoto mdogo anataka mtu anayemwangalia usoni na kumjibu, na mi nilikuwa nimemwachisha watu wawili wa hivyo nikamletea TV. Na baadaye, 2019, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi, chini ya mwaka mmoja hakuna skrini kabisa, na wa mwaka mmoja pia haishauriwi.

Halafu hii ya kichwa kujaa. Ubongo wa mtoto sio jerikeni ya lita 20 kwamba ukitia Luganda Kiswahili kinamwagika. Akizaliwa ubongo wake ni kama robo ya wa mtu mzima, akifika miaka miwili umeshapita robo tatu, yaani hiyo miaka unajengwa kila siku, na njia zinazotumika ndo zinakomaa, zisizotumika zinapunguzwa. Na masikio yanaanza kazi kabla hajazaliwa, mtoto mchanga wa siku chache tu tayari anaipendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Kwenye Luganda l na r ni kama sauti moja, r inakuja baada ya e na i, kwingine kote ni l. Ndo maana mke wangu, nampenda bambi, ananiambia "habali ya kazi", barabara ni "balabala", kelele ni "kerere", na mwaka wa uchaguzi anaenda "kupiga kula". Sio mvivu, sikio lake lilifungwa zamani. Wajapani nao wana shida na hizo hizo sauti mbili, na watafiti waliwapima watoto wao: wa miezi 6 hadi 8 wanasikia tofauti ya r na l sawa tu na watoto wa Marekani, ila miezi 10 hadi 12 wa Marekani wanazidi kunoa, wa Japani wanashuka. Binti yangu kwa sababu alizisikia kwangu tangu tumboni anazitofautisha bila kufundishwa, na saa hizi ana miaka sita anamsahihisha mama yake mbele ya wageni. Kwa hiyo ukiacha Kiswahili sasa, unafunga mlango ambao ukubwani anaufungua kwa jasho. Na ni hichohicho Kiswahili ambacho katiba yetu ya Uganda imekiita lugha rasmi ya pili tangu 2005, ila Kampala bado kuna watu wanakuona mwizi au mwanajeshi ukikiongea. Haya, hiyo ni siku nyingine.

Tuliporudi kwenye lugha zetu nilichukua kalenda ya zamani nikaandika kila neno analosema, la lugha yoyote. Fanya hivyo leo. Mtoto wa lugha mbili ukimhesabu lugha moja ataonekana nyuma, ukijumlisha zote unakuta yuko na wenzake. Maji na amazzi, yaani maji kwa Luganda, ni maneno mawili. Na akichanganya usiogope, wetu sentensi yake ya kwanza ilikuwa "mpa maji", mpa ya Kiganda yaani nipe, na maji ya Kiswahili. Babu yake akamuuliza, nimpe nani? Mtoto analia, mzee anatafuta wa kumpa.

Ila sikwambii ukae ukisubiri. Mtoto wa pili, wa kiume, naye alichelewa, tukasema ah, huyu ni kama dadake, na wavulana wanachelewa. Lakini huyu ukimwita kutoka nyuma hageuki, TV anaisogelea. Alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua yasiyoisha, lugha zilikuwa hazina kosa lolote. Tulipoteza karibu miezi mitano kwa kujifanya wajuzi. Kwa hiyo huyo wako angalia: anageuka ukimwita bila kukuona? Ananyooshea kitu kidole ili na wewe ukione? Anaelewa ukimwambia leta kiatu? Kuna neno alikuwa nalo likapotea? La mwisho hilo hata kama mengine yako sawa, nenda hospitali. Na akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, hata ya lugha mbili, nenda pia.

Na ukifika, omba masikio yapimwe kwanza, habari ya lugha tatu uitaje mwishoni, maana sisi tuliitaja mlangoni na yule wa kwanza aliyetupokea hakushika hata sikio.