Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Yuko Wodini, Nimsaidieje?

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 29, ni mwalimu. Juzi alifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi, faibroidi, hapa Mtwara. Nimemuuguza tangu siku ile. Namlisha, namgeuza, namfuta mwili. Hataki kutoka kitandani kwa maumivu, na tumbo limemjaa gesi. Ndugu wanakuja kutoka Mikindani na Newala, na kila mmoja anauliza kama kizazi kimetolewa. Yeye ananyamaza, basi najibu mimi. Jana alinikasirikia akageukia ukutani. Nakosea wapi? – Mama wa Chikongola, Mtwara

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza. Mambo mawili tunakuomba uyabadilishe leo hii: binti atoke kitandani, na habari za mwili wake azitoe mwenyewe.

Tuanze na kitanda. Tumbo likishapasuliwa, utumbo hupooza kwa muda. Dawa ya usingizi na zile za maumivu makali huupunguzia mwendo, na mgonjwa akilala chali siku nzima hewa inakosa njia, tumbo linakaza kama ngoma. Tena damu hutuama miguuni na huweza kuganda, na donge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mapafu nayo hayafunguki vizuri, makohozi yanakaa, nimonia inapata nafasi. Ndiyo maana wauguzi humhimiza mgonjwa akae na ajaribu kutembea ndani ya saa 24, isipokuwa daktari awe amekataza. Wanaonekana wakali, lakini ndiyo tiba yenyewe.

Kwa kuwa kinachomzuia ni maumivu, muulize muuguzi dawa yake inatolewa saa ngapi. Kama ni vidonge, akishameza angoje nusu saa mpaka saa moja ndipo atembee. Asingoje maumivu yapande ndipo aombe, maana yakishapanda kuyashusha ni kazi. Na tafadhali usimwongezee Panadol ya dukani. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za paracetamol kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na huenda anayochomwa kwenye dripu ni paracetamol hiyohiyo. Ikizidi, ini ndilo linaloumia.

Kumwinua kuna namna yake. Usimvute mikono: ukimvuta anakaza misuli ya tumbo, na mshono ndio unaobeba. Kwanza akunje magoti, nyayo zikanyage godoro. Ageuke ubavu, mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo linavyobiringika. Mkono mmoja ukandamize kidogo mto, au kanga iliyokunjwa ikawa nene, juu ya kidonda. Kisha ateremshe miguu nje ya kitanda huku akijisukuma kwa kiwiko na kiganja cha mkono wa chini. Uzito wa miguu unamsaidia kuinuka. Wewe tegemeza kiganja nyuma ya bega lake, basi.

Akishakaa ukingoni asisimame papo hapo. Angoje dakika 2 au 3, achezeshe nyayo, apumue. Wenye faibroidi wengi huwa wametokwa damu nyingi ya hedhi kwa miezi kabla ya kufika hospitali, hivyo wana upungufu wa damu na kizunguzungu huwaangusha kirahisi. Akisema macho yanaona giza, mrudishe alale na umwite muuguzi. Avae ndala zinazoshika sakafu, na kanga isiburute. Safari ya kwanza ikiishia mlangoni inatosha. Ya pili ifike mbele kidogo. Mara 4 au 5 kwa siku, fupifupi, ni bora kuliko moja ndefu ya kumchosha. Kama bado ana mpira wa mkojo, mfuko ubebwe chini ya kiuno, usilazwe kitandani wala usiguse sakafu, maana mkojo ukirudi kibofuni unarudi na vijidudu. Mpira ukishatolewa, hesabu saa: zikipita 6 hajakojoa, mwambie muuguzi.

Akiwa kitandani na yu macho, kila saa avute pumzi ndefu mara 10, kisha akohoe huku ameshika ule mto. Anyanyue na kushusha vidole vya miguu mara 10 au 20. Akijamba asione haya. Hiyo ndiyo habari inayongojwa na wodi nzima. Lakini tumbo likizidi kuvimba, akatapika, na upepo hautoki, usimpe chochote mdomoni mpaka aonwe na daktari.

Sasa hilo la pili. Binti wa miaka 29 husaini mwenyewe fomu ya kukubali upasuaji, na daktari anapaswa kumwambia yeye kwanza. Wewe unajua kwa sababu ameridhia ujue. Kwa mwanamke ambaye bado anataka watoto, kusikia mama yake akimweleza shangazi habari za kizazi mbele ya kitanda cha jirani kunauma kuliko mshono. Muulize mkiwa wawili: "Mwanangu, ndugu wakiuliza, nijibuje?" Akisema jibu ni "anaendelea vizuri", basi liwe hilo hilo kwa wote, wakwe wakiwemo. Wageni wapokee mlangoni, waingie wawili wawili, wasikalie kitanda, na wanawe mikono. Daktari akipita, keti pembeni umwache aseme mwenyewe. Ukiona amesahau jambo, mkumbushe yeye, usimalizie wewe. Na kijiko cha uji mpe ashike. Mikono yake haikupasuliwa.

Kabla ya ruhusa, ahakikishe ana karatasi inayoeleza kilichofanyika: mavimbe mangapi yametolewa na yalikuwa wapi, na kama ukuta wa kizazi ulikatwa mpaka ndani. Karatasi hiyo ni ya kutunzwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kizazi chenye kovu la kina kirefu kinaweza kupasuka wakati wa uchungu, hivyo mimba ijayo ahudhurie na kujifungulia katika hospitali yenye uwezo wa upasuaji, na amuulize daktari angoje miezi mingapi kabla ya kushika mimba. Aulize pia majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa yatapatikana lini. Akipewa vidonge vya kuongeza damu, asivimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Avimeze kwa maji na chungwa. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke.

SWALI: Binti yetu wa miaka 24 ametolewa kidole tumbo hapa Lindi. Mke wangu anataka kumpelekea supu ya pweza apate nguvu, mimi nasema uji. Nani yuko sahihi? – Baba wa Lindi mjini

JIBU: Kwa siku ya kwanza umeshinda wewe, baba, ingawa hata huo uji usiingie kabla wodi haijaruhusu. Akiruhusiwa, aanze na maji, funda kwa funda, kisha chai isiyo kali, kisha uji mwepesi. Asipotapika, apewe mchuzi wa samaki usio na mafuta mengi, wali laini, ndizi zilizopondwa. Nyama ya pweza ni ngumu kutafunwa na inachelewa tumboni, kwa hiyo isubiri. Ming'oko (vile viazi vya porini), muhogo mkavu na maharage navyo visubiri siku kadhaa, vinamjaza gesi.

Akishakula vizuri, mke wako naye ana haki: kidonda hujengwa na protini. Kipande cha changu au dagaa mchana, yai asubuhi, mbaazi au kunde tumbo likishatulia. Korosho zilizosagwa, vijiko 2 vya chakula ndani ya bakuli la uji, zinampa nguvu hata asiye na hamu ya kula. Papai na maji ya kutosha vitamlainishia choo, kwa sababu kusukuma kwa nguvu chooni kunaumiza mshono. Chakula kifike cha moto na kiliwe papo hapo. Kwa joto letu la pwani, mchuzi uliokaa kwenye kontena tangu asubuhi utamletea kuhara, na hilo hamlitaki kwa mtu mwenye kidonda tumboni. Kama kidole kilikuwa kimeshapasuka, mambo huenda polepole zaidi. Fuateni agizo la daktari hata kama jirani yake tayari anakula ugali.

SWALI: Binti yangu amejifungua kwa upasuaji, kesho anaruhusiwa. Bibi yake amekwisha andaa maji ya moto ya kumkanda na kanga ya kumfunga tumbo. Nifanyeje nisimvunjie heshima? – Mama wa Newala

JIBU: Mwambie bibi ukweli wenyewe: tumbo hili lina mshono ndani na nje. Maji ya moto humwunguza, kwani ngozi iliyo karibu na kidonda huwa na ganzi asisikie joto. Kitambaa cha kukandia kinapitisha uchafu, na mkandamizo unaweza kufungua nyuzi. Kanga iliyokazwa nayo hutunza jasho, na kidonda chenye unyevu ndicho kinachooza. Mpe bibi kazi anayoiweza kuliko wote: kumpakata mtoto mama alale, na kumpikia.

Njiani asipande bodaboda. Kwenye gari aweke kanga iliyokunjwa kati ya mkanda na tumbo. Nyumbani, kwa wiki 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo maji ateke mwingine. Kidonda hakipakwi majivu, mafuta wala majani. Kikilowa kikaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Tarehe ya kutoa nyuzi iandikeni ukutani.

Mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha au harufu, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu. Hilo la mwisho linaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambacho humpata mwanamke hata baada ya kujifungua.